Annalena Tonelli: Mwalimu wa uwakili asiyekuwa na mimbari

KATIKA makanisa mengi nchini huwapo Jumapili moja au mbili kila mwaka ambapo mahubiri huelekezwa kwenye uwakili. Mhubiri hueleza mfano wa watumwa walioachiwa talanta na bwana wao aliyesafiri, huwakumbusha waumini kwamba binadamu si mwenye mali bali ni mtunzaji tu, kisha bahasha hugawanywa. Kila mmoja huandika kiasi atakachotoa kwa mwezi, na kabla ya ibada kumalizika mweka hazina huwa amekwisha kusoma hesabu.

Hakuna ubaya katika hilo. Paa la kanisa halijiezeki, na katekista naye ana watoto wanaohitaji karo. Hata hivyo, ipo sehemu ya nchi yetu ambako somo hilo halijawahi kutoshelezwa na bahasha, nayo ni eneo lililokuwa likiitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani kaunti za sasa za Garissa, Wajir na Mandera.

Muumini anayevuka daraja la Mto Tana kuingia mjini Garissa, mara nyingi huwa amehamishwa kikazi. Ni mwalimu, muuguzi, karani, polisi au mwanajeshi. Hana shamba huko, hana ukoo, na miaka yake ya kukaa imeandikwa katika barua ya uhamisho. Kwa miongo mingi wenyeji waliokuwa wakisafiri kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya, na yeyote aliyetoka upande huo alihesabiwa kuwa mtu wa serikali. Kanisa na bunduki viliingia kwa barabara moja. Mkristo wa namna hiyo ni wakili wa nini, na wenyeji wamtambue kwa lipi?

Swali hilo lilijibiwa kwa maisha, wala si kwa mahubiri, na mwanamke aliyeishi mjini Wajir tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Jina lake Annalena Tonelli.

Hakuwa mtawa

Alipofariki mwaka 2003, magazeti mengi ya hapa na ya ng'ambo yalimwita mtawa. Kosa hilo linaeleweka, na mhariri msaidizi aliyeketi mezani usiku akisubiri kurasa zifungwe hulifanya kwa wepesi. Mwanamke Mzungu, Mkatoliki, hajaolewa, anahudumia wagonjwa: atakuwa nani tena?

Lakini Annalena hakuwa na shirika la kitawa, hakuvaa joho, wala hakuwa na mkuu wa kumtuma au kumwita arudi. Hakuwa daktari pia. Alikuwa mwanasheria kwa masomo, mwalimu kwa kazi yake ya kwanza barani Afrika, na Mkristo mlei aliyejichagulia njia. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mtawa huwa na jumuiya inayomlisha na kumzika. Yeye aliishi bila mshahara, bila bima na bila kuchangia pensheni, na alifanya hivyo kwa kukusudia.

Alizaliwa Aprili 2, 1943, katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Katika ujana wake alitumia miaka sita akiwahudumia maskini wa mtaa duni wa mji huo, wakiwamo watoto yatima na wenye ulemavu, huku akisomea sheria. Marafiki zake wa Forlì walikuwa na kamati ya kupambana na njaa duniani, na kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ghala lake kwa muda wote aliokaa Afrika. Michango ya watu wa kawaida wa mji mmoja wa Italia iligeuka kuwa vidonge na maziwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25, aliondoka kwao. Alianza kwa kufundisha katika shule ya sekondari ya Chinga, wilayani Nyeri. Kule kulikuwa na mvua, migomba na makanisa yaliyojaa. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata alielekea kaskazini hadi Wajir, mji wa visima na vumbi jeupe, zaidi ya kilomita 300 kutoka Garissa, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya huko.

Waliomtia moyo walikuwa wawili hasa, baada ya Kristo mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Charles de Foucauld, Mfaransa aliyeishi peke yake miongoni mwa Watuareg katika jangwa la Sahara hadi alipouawa Tamanrasset mwaka 1916, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Wa pili alikuwa Mahatma Gandhi, ambaye hakuwa Mkristo. Msomaji anaweza kuanza kuona mwelekeo wa safari.

Kasoro nne

Mwishoni mwa mwaka 2001 Annalena alikubali, kwa nadra sana, kusimama mbele ya mkutano mjini Vatican na kueleza maisha yake. Katika ushuhuda huo alizihesabu kasoro alizokuwa nazo machoni pa Wasomali wa Wajir alipofika. Alikuwa kijana, kwa hiyo hakustahili kusikilizwa. Alikuwa mweupe, kwa hiyo alidharauliwa. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo aliogopwa. Tena hakuwa ameolewa, jambo lisilo na maana wala thamani katika jamii ambayo mwanamke hujulikana kwa nyumba yake na watoto wake.

Ni vyema kukumbuka hali ya eneo hilo wakati huo. Vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963 vilikuwa vimemalizika mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutawala hadi mwaka 1991. Mfugaji aliyemwona mgeni aliona kwanza sare, hata pale ambapo mgeni hakuivaa.

Hakuhubiri. Hakuficha msalaba wake, lakini hakumwomba mtu yeyote abadili dini. Alijifunika kichwa kwa mtandio, akajifunza Kisomali, akala chakula kidogo, akalala saa chache. Aliungana na wanawake wengine wachache kutoka Italia, miongoni mwao Maria Teresa Battistini, wakaanzisha kituo cha kuwarekebisha viungo watoto waliopooza kwa polio. Baadaye waliongezeka viziwi, wasioona na wengine ambao familia za wafugaji, zikihama kufuata maji, zilishindwa kuwabeba. Watoto waliokuwa wakitambaa walivishwa viatu vya chuma na kufundishwa kutembea. Jamii nzima iliwajua kwa majina.

Hata hivyo, jina lake halikuandikwa na polio. Liliandikwa na kifua kikuu.

Ugonjwa huo ulikuwa tishio kubwa kwa wafugaji wa kuhamahama, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko kikohozi chenyewe. Aliyeambiwa anao alihofiwa, akatengwa, wakati mwingine akaachwa. Tiba ya zamani ilichukua mwaka mmoja au zaidi, ikiwa na sindano na vidonge vingi. Mfugaji alilazwa hospitalini wiki chache, akapata nafuu, akawaza ngamia wake, akaondoka. Miezi michache baadaye kikohozi kilirudi, safari hii kikiwa sugu mbele ya dawa zile zile. Waliokuwa wakiandika ripoti walimlaumu mgonjwa kuwa mtoro.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani uliokusudiwa kutafuta njia ya kuwatibu wafugaji. Alichofanya ni rahisi kukieleza, na kinastaajabisha kwamba hakikufanywa mapema. Hakuwavuta wagonjwa waingie wodini; aliwaalika wajenge. Walifika na miti yao, mikeka yao na jamaa zao, wakapiga vibanda uwanjani mbele ya kituo cha walemavu, jinsi wanavyopiga popote wanapotua. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya kifua kikuu. Kila siku mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu, na hakuna aliyeachiwa vidonge akavifiche chini ya mkeka. Ilikuwa dawa mpya ya muda mfupi, ya miezi 6. Baada ya miezi hiyo kibanda kilibomolewa, ngamia wakapakiwa, mtu akaenda zake akiwa mzima.

Mpango wa manyatta ulienea katika sehemu nyingine kame za Kenya. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura la dunia, na mkakati uliofuata ulisimama juu ya nguzo hiyo hiyo: mgonjwa ameze dawa akitazamwa, kwa muda mfupi uliowekwa, bila kukosa siku. Wataalamu wanaofundisha mkakati huo leo hawakosi kutaja majaribio ya nchi nyingine. Wajir haitajwi sana.

Yeye mwenyewe alikuwa amegundua kwamba huruma bila maarifa ni uwakili mbovu. Alisomea udhibiti wa kifua kikuu hapa Kenya, tiba ya magonjwa ya nchi za joto na afya ya jamii nchini Uingereza, na ukoma nchini Hispania. Hapa pana jambo ambalo mahubiri yetu ya uwakili hulipita haraka. Mtumwa mbaya wa ule mfano hakuiba talanta. Aliifukia tu, akairudisha jinsi ilivyokuwa. Mtu anayetoa sadaka kila Jumapili na kuacha akili yake, elimu yake na muda wake vimefukiwa amefanya vivyo hivyo, hata kama bahasha yake ni nene.

Katika ushuhuda ule wa mwaka 2001 Annalena alisimulia pia jinsi barafu ilivyoyeyuka. Kwa muda mrefu watu wa Wajir walimsikitikia, wakiamini kuwa kwa kutokuwa Mwislamu hangeweza kuingia peponi. Ndipo mzee mmoja aliyeheshimika mjini akakiri kwamba wao Waislamu walikuwa na imani, lakini hawa wageni walikuwa na upendo. Kuanzia hapo milango ilifunguliwa. Si kwamba mzee huyo alibadili dini. Hakubadili, wala hakuna aliyemwomba. Alichobadili ni maana ya neno Mkristo mjini Wajir. Hadi wakati huo neno hilo lilimaanisha mtu wa bara mwenye cheo au bunduki.

Uwanja wa Wagalla

Alfajiri ya Ijumaa, Februari 10, 1984, maana hiyo ilitiwa kwenye moto.

Vikosi vya usalama viliingia katika vijiji na mitaa ya Wajir vikiwasaka wanaume wa ukoo wa Degodia, kwa lengo lililotajwa kuwa ni kukusanya silaha haramu na kukomesha mapigano ya koo. Wanaume walipakiwa katika malori wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi mwa mji. Huko walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juu ya lami na changarawe ya jua kali, wakanyimwa maji na chakula kwa siku kadhaa. Wengi walikufa kwa kiu na vipigo. Wengine walipigwa risasi walipojaribu kukimbia. Kisha malori yakaanza kutupa maiti, na watu waliokuwa bado hai, mbali porini.

Annalena alipopata habari alichukua gari na wasaidizi wake, akaingia msituni kuwatafuta. Waliookotwa wakiwa hai walipelekwa kutibiwa. Waliokufa walizikwa. Ofisi za serikali hazikupendezwa hata kidogo na kazi hiyo. Lakini hakuishia kwenye bendeji na majembe. Aliandika majina. Orodha hiyo, pamoja na picha, alimpa mke wa mwanadiplomasia wa Marekani, na kwa mkono huo habari ikafika katika balozi za kigeni na katika vyombo vya habari vya nje, wakati hapa nyumbani karibu kila mdomo ulikuwa umefungwa. Bungeni, Mbunge wa Wajir Magharibi wakati huo, marehemu Ahmed Khalif, alisimama akadai ukweli. Serikali ilikiri vifo 57.

Nimewahi kujiuliza kwa nini mtu anayetibu wagonjwa atumie usiku wake kuandika majina ya wafu, ilhali walio hai wanamngoja. Nadhani jibu limo katika neno lile lile la uwakili. Wakili hutoa hesabu. Aliyekabidhiwa watu atoe hesabu ya watu, mmoja mmoja, kwa majina yao, wala si kwa jumla iliyokadiriwa na aliyewaua.

Kilichofuata amekieleza mwenyewe, na ndicho kisa ambacho ningependa kisomwe katika kila darasa la kipaimara nchini. Alikamatwa na kufikishwa mbele ya maafisa. Kwa mujibu wa ushuhuda wake, maafisa hao wote walikuwa Wakristo. Walimweleza kwamba alikuwa amewekewa mitego miwili ya kumuua akaponea, na kwamba hangeponea wa tatu. Kisha mmoja wao, muumini aliyekuwa akishika dini yake, akamuuliza ni nini hasa kilichokuwa kikimsukuma kufanya hayo yote. Akajibu kwamba ni kwa ajili ya Yesu Kristo, anayetutaka tuyatoe maisha yetu kwa ajili ya rafiki zetu.

Fikiria chumba hicho. Upande mmoja wa meza wameketi watu waliobatizwa, wenye majina ya watakatifu katika vitambulisho vyao, ambao pengine Jumapili iliyotangulia walitoa sadaka. Upande wa pili yuko mwanamke aliyebatizwa kama wao, akisimama kwa niaba ya Waislamu waliokufa. Wote wanasoma Injili moja. Hakuna takwimu ya sensa inayoweza kuonyesha tofauti iliyokuwa katika chumba hicho, kwa maana katika sensa wote wangeandikwa Wakristo.

Mwaka huo huo wa 1984, Kanisa Katoliki liliipandisha Garissa kuwa jimbo kamili, na Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta, akawa askofu wake wa kwanza. Jimbo hilo liliuanza mwendo wake katika kivuli cha Wagalla, na mlei huyu aliyekuwa kielelezo chake bora hakuweza kubaki. Ilimbidi aondoke Kenya.

Kanisa la mtu mmoja

Miaka ya Somalia inaweza kuelezwa kwa ufupi, ingawa yeye hakuiishi kwa ufupi. Alifanya kazi Beledweyne, kisha Mogadishu, ambako vita na njaa vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilimkuta akilisha watu na kuzika wengine, kisha Merka, pwani ya kusini. Alipigwa. Alitekwa nyara. Mwaka 1995 aliondoka Merka, na Oktoba ya mwaka huo daktari Mwitaliano aliyeshika nafasi yake, Graziella Fumagalli, akauawa kwa risasi katika hospitali hiyo hiyo ya kifua kikuu.

Mwaka 1996 alihamia Borama, kaskazini magharibi, katika Somaliland. Akajenga upya kila alichokuwa amekijenga Wajir: hospitali ya kifua kikuu yenye vitanda takriban 200, shule ya viziwi na watoto wenye ulemavu mwingine, kambi za madaktari wa macho waliowarudishia watu uwezo wa kuona. Wagonjwa wake walisoma wakiwa katika matibabu, na miongoni mwa masomo waliyopewa katika hospitali ya mwanamke huyu Mkatoliki yalikuwamo ya Kurani. Alipinga ukeketaji wa wasichana, akawashawishi baadhi ya wakeketaji wenyewe kuacha. Akawapokea pia wenye virusi vya Ukimwi.

Ibada yake ilikuwaje? Borama haikuwa na kanisa. Hakukuwa na kwaya, wala jumuiya ndogo ndogo, wala mtu wa kushikana naye mkono wakati wa kutakiana amani. Mara mbili kwa mwaka, karibu na Krismasi na karibu na Pasaka, askofu wa Djibouti alivuka mpaka akaja kumwadhimishia Misa. Usharika mzima ulikuwa mtu mmoja. Sisi ambao huhesabu uhai wa kanisa kwa idadi ya magari yaliyoegeshwa nje Jumapili tunaweza kupata shida kujua tumwandike wapi muumini huyu.

Mtu asidhani kwamba alipendwa na wote. Mwaka 2002 yaliibuka maandamano dhidi yake mjini Borama, watu wakidai kwamba analeta Ukimwi kwa kuwatibu wenye nao, na mawe yakarushwa hospitalini. Alibaki.

Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen, ambayo wakati huo iliambatana na dola 100,000 za Marekani. Mwanamke asiyekuwa na mshahara kwa zaidi ya miaka 30 alikwenda Geneva kuipokea, kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Jumapili, Oktoba 5, 2003, jioni, baada ya kuwapitia wagonjwa, alipigwa risasi kichwani ndani ya uwanja wa hospitali. Alikuwa na umri wa miaka 60. Kabla mwezi huo haujakwisha, walimu wawili Waingereza, mume na mke, Richard na Enid Eyeington, nao waliuawa katika mji wa Sheikh, pia Somaliland.

Hesabu ya Wajir

Alichoacha nyuma hakikuwa mali. Nchini Kenya aliacha orodha.

Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Garissa na Wajir kusikiliza. Wajane waliokuwa wamenyamaza tangu 1984 walisimama wakazungumza hadharani. Ripoti ya tume hiyo iliyotolewa Mei 2013 ilikataa ile idadi ya 57, ikasema waliokufa huenda walikaribia 1,000. Wapo wenyeji wanaotaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, aliomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, Wagalla ikiwa miongoni mwazo.

Wiki moja baadaye, Aprili 2, 2015, siku ambayo Annalena angetimiza miaka 72, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Miaka mitatu kabla yake, Julai 1, 2012, makanisa mawili mjini humo yalikuwa yameshambuliwa kwa risasi na gruneti wakati wa ibada ya Jumapili, na wazee wa Kiislamu wakaahidi kutoa vijana wa kuyalinda.

Kwa waumini wa Garissa na Wajir swali la utambulisho halikuwa tena mada ya semina. Lilikuwa swali linaloulizwa na mtu mwenye bunduki. Walimu wengi waliomba uhamisho wakaondoka, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu akiwa ameketi Nairobi. Waliobaki waliendelea kukusanyika nyuma ya kuta na askari, wakitoa sadaka, wakifundisha watoto wa watu ambao hawatawahi kuingia katika makanisa yao. Nikisikia mahubiri ya uwakili huwafikiria hao kwanza.

Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, ambao waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike ili wasitambulike. Abiria mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki hospitalini mjini Nairobi Januari 2016. Alikuwa Mwislamu, na kazi yake ilikuwa ualimu.